Mzigo Uko kwa Konda

Kabla simu haijawa benki, hela ilisafiri kwa namba za vocha. Aliyeko Dar es Salaam akitaka kumtumia mwenzake wa Njombe shilingi 20,000, alinunua vocha za thamani hiyo, akazikwangua kwa sarafu, kisha akapiga simu na kusoma tarakimu moja moja: "Nne, sifuri, saba, saba... umeandika? Hebu nirudie nisikie." Kule Njombe mwenzake aliandika nyuma ya bahasha, akaenda nayo kwa mwenye kibanda cha simu. Yule naye aliziingiza kwenye simu yake kwanza, akasubiri salio lisome, ndipo akatoa noti baada ya kukata cha kwake. Mtindo huo haukubuniwa na kampuni yoyote ya simu. Ulizuka wenyewe mitaani, kwetu na kwa majirani zetu wa Kenya na Uganda. Hatari yake ilikuwa wazi: tarakimu zikishasomwa ni hela ya yeyote aliyezisikia. Ndiyo maana mtu alisogea ukutani, akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona.

Leo tunatumiana mamilioni kwa sekunde chache, na tunaogopana kuliko wakati ule wa kunong'ona ukutani. Sisemi kwamba watu wa zamani walikuwa wema. Matapeli walikuwepo, tena wengine hodari kuwashinda hawa wa sasa. Stendi ya Ubungo ilikuwa chuo chao. Ninachokumbuka kwa masikitiko ni kitu kingine, na itanibidi nianzie mbali kidogo.

Miaka hiyo nilikuwa na duka la vifaa vya shule Njombe: madaftari, kalamu, mikebe ya hesabu, rimu za karatasi. Mali yote ilitoka Kariakoo. Sikuweza kufunga duka kila mali ilipokwisha, kwa hiyo nilipiga simu, muuzaji akafunga katoni kwa kamba ya manila, akaandika juu yake kwa maka peni jina langu na namba yangu ya simu, akampa kijana wa mkokoteni alipeleke kwenye basi. Jioni nilipokea simu fupi: "Mzigo uko kwa konda." Basi, hayo tu. Hakuna risiti niliyotumiwa, hakuna picha. Nilikwenda stendi gizani, basi likaingia likiwa limejaa vumbi mpaka kwenye taa, na konda akiwa bado ananing'inia mlangoni akaita jina langu kabla sijamwona. Nilimpa ya soda. Mara nyingine, akirudi Dar, alibeba na bahasha yangu ya hela, imefungwa kwa gundi ya karatasi ambayo mtoto wa chekechea angeweza kuibandua.

Kwa nini hakuibandua? Mshahara wake ulikuwa mdogo, na bahasha ile pengine ilizidi kipato chake cha miezi kadhaa. Jibu halihitaji falsafa. Kesho kutwa angepita tena palepale, stendi nzima ilimjua kwa jina la utani, na abiria wake wa vifurushi ndio waliomlisha. Siku moja ya wizi ingemgharimu barabara yote, kuanzia Chalinze, Morogoro, Iringa hadi kwetu.

Kariakoo yenyewe iliendeshwa kwa mali kauli, na bado sehemu yake inaendeshwa hivyo. Miezi ya mwanzo unanunua taslimu, tajiri anakutazama tu. Baadaye, ukianza kuzoeleka, anakuuliza, "Wewe hapa unamjua nani?" Swali hilo ndilo usaili. Unamleta mtu wa kwenu ambaye ana fremu jirani au aliyekwisha kuchukua mali pale kwa miaka. Anasimama mlangoni, haingii hata ndani, anasema, "Huyu mdogo wangu, mpe." Tajiri anafungua kaunta buku lenye kingo zilizopinda, anaandika jina, idadi ya katoni, kiasi. Hakuna sahihi wala muhuri. Unaondoka na mali ambayo hujailipa, unakwenda kuiuza umbali wa safari ya kutwa nzima, na unatarajiwa kuleta hela ukirudi.

Ukikimbia, tajiri hakutafuti wewe. Anamtafuta yule aliyesimama mlangoni. Na yule aliyesimama mlangoni utakutana naye tu, kama si sokoni basi msibani, maana hakuna mtu wa kwetu anayeweza kukwepa misiba yote. Nimewahi kuona mtu akilipa deni la Kariakoo kwenye matanga, akihesabu noti chini ya mti huku wengine wakichimba kaburi.

Mtindo wenyewe ni wa kale. Karne ya 19 kule Unguja, matajiri wa Kihindi kama Taria Topan waliwakopesha watu wa misafara, Tippu Tip akiwa mmoja wao, vitambaa na shanga za kupeleka bara, na malipo yalikuja kwa pembe za ndovu baada ya miaka. (Kwamba misafara hiyohiyo ilibeba watumwa ni jambo la kukumbuka kila tunapotaka kuusifu uaminifu wa wazee. Waliaminiana wao kwa wao. Waliofungwa minyororo hawakuulizwa.)

Na hata mali kauli ya Kariakoo ilikuwa na mlango mwembamba. Asiye na mtu wa kwao mwenye fremu alibaki nje. Wanawake waliingia kwa shida, kwa sababu "huyu mdogo wangu, mpe" ilisemwa zaidi kwa vijana wa kiume. Mtu wa kabila lenye watu wachache mjini angeweza kuwa mwaminifu kama malaika na bado akanunua taslimu maisha yake yote. Nayasema haya mapema ili msomaji asinidhanie nalilia enzi ya dhahabu.

Machi 2007 Safaricom ilizindua M-Pesa nchini Kenya, na mwaka uliofuata Vodacom ikaileta kwetu. Bahasha za konda zilikufa, na sikuzililia. Mimi nilikuwa nimekwisha kuhamia Dar, na wakati huohuo watu wasiojuana walikuwa wameanza kuuziana vitu mtandaoni. JamiiForums, iliyoanza mwaka 2006 kwa jina la Jambo Forums, watu wengi waliijua kwa siasa, lakini ilikuwa na kona yake ya matangazo: viwanja vya Kigamboni, simu zilizotumika, mbegu za matikiti, gari la mtu anayehama. Hakuna aliyetumia jina lake. Mmoja amejiita kwa jina la mnyama, mwingine kwa jina la mwanafalsafa, na wote wakaitana "mkuu". "Mkuu, bei ya mwisho?" "Mkuu, nicheki pembeni." Ukiwatazama kwa mbali ungedhani hakuna mahali pa hatari kuliko hapo, vinyago vinauziana kompyuta.

Lakini kando ya kila jina la bandia palionekana tarehe ambayo mtu alijiunga na idadi ya maandiko yake, na maandiko yenyewe yalikuwepo kwa anayetaka kuyasoma. Mtu aliyebishana na wenzake kuhusu mpira, siasa na bei ya mahindi kwa miaka mitatu alikuwa na tabia inayojulikana, hata kama sura yake haijulikani. Ulijua kama ni mtu wa hasira, kama hukiri akikosea, kama hulipa dau alilowekeana na mwenzake. Tapeli hakuwa na subira ya kubishana miaka mitatu kuhusu Simba na Yanga ili aje aibe simu moja.

Kompyuta yangu ya kwanza ya mkononi niliinunua kwa mtu wa namna hiyo. Tulikubaliana tukutane Mlimani City, kama wengi walivyofanya siku hizo, kwa sababu pana walinzi, taa na watu. Alikuja na mkewe na mtoto mdogo aliyelala begani. Akaniambia, "Nimekuja na familia, mkuu, ili usiniogope." Tukakaa kwenye mgahawa, akaomba soketi kwa mhudumu, akachomeka chaja, akaniacha niibonyeze mashine mpaka niridhike. Mkewe alikuwa ameagiza chipsi, wakala taratibu. Nilipomaliza kuhesabu hela naye akazihesabu, hakuzitia mfukoni palepale. Akampa mkewe, akaniuliza kama nina swali lingine. Jina lake halisi sikulijua siku ile. Wiki ile niliandika hadharani kwamba mkuu huyu ni mtu safi, na wengine wawili wakaongeza yao. Aliuza vitu vingi baada ya hapo.

Nikizikumbuka siku zile naona tuliacha kitu bila kukithamini. Tulidhani kilichotulinda ni teknolojia.

Zikaja simu za bei nafuu, kisha Instagram na WhatsApp, na soko likafumka. Leo karibu kila kitu kinauzwa humo: viatu, friji, dawa za kuongeza makalio, vifaranga. Picha nzuri, bei haipo. Ukiuliza unaambiwa uje DM. Ukija DM unaambiwa, "Mikoani tunatuma, hela kwanza." Ukisita, unaletewa ushahidi. Ushahidi ni picha za mazungumzo: "Dada mzigo nimepata jamaniii, nimeupendaa," na mioyo mitano myekundu. Mtu yeyote mwenye simu mbili anaweza kuyatengeneza mazungumzo hayo akiwa amelala kitandani. Ushahidi mwingine ni picha ya risiti ya basi. Nimeziangalia nyingi za namna hiyo, maana ndugu na marafiki hunitumia waniulize kama ni za kweli. Moja ilipigwa huku kidole gumba kimelala juu ya tarehe. Kilikuwa kidole kinene, kimewekwa kwa makusudi kama kifuniko. Jina la mpokeaji lilionekana nusu, na halikuwa la rafiki yangu.

Huko kwenye ofisi za mabasi, sasa kule Mbezi, vitabu vya vifurushi bado vipo na vijana wa kaunta bado wanaandika kwa mkono. Konda hajafa. Ila muuzaji na mnunuzi wamekwisha kumalizana kwenye simu kabla yeye hajaguswa, na neno lake halihitajiwi na mtu.

Wauzaji nao wanalizwa. Binti wa dada yangu anauza mitumba ya daraja la kwanza akiwa nyumbani Kinondoni, na alinifundisha mambo mawili ambayo sikuyajua. La kwanza ni meseji ya muamala ya kughushi: mnunuzi anakutumia ujumbe ulioandikwa sawasawa na ule wa kampuni ya simu, wenye kiasi, saa na hata salio jipya la kubuni, kisha bodaboda wake anapiga honi nje akisema ana haraka. La pili ni muamala wa kweli unaorudishwa. Hela inaingia, nguo inatoka, halafu mnunuzi anapiga simu huduma kwa wateja na kudai alikosea namba.

Nilimuuliza anajilindaje.

"Mjomba, mimi siangalii meseji, naangalia salio. Likisoma nalihamisha hapohapo."

"Na mteja akikasirika kwa kusubirishwa?"

"Akasirike tu, mjomba. Aliyekasirika atarudi. Aliyeniibia harudi."

Serikali nayo ilijaribu kuwabana matapeli. Kuanzia Mei 2019 laini zote zilitakiwa kusajiliwa upya kwa alama za vidole, na Januari 2020 zilizokuwa hazijasajiliwa zikaanza kuzimwa. Wengi tulidhani ile meseji ya matapeli, "ile hela tuma kwenye namba hii", itakufa siku hiyo. Haikufa, ikaongezewa tu maneno, "jina litakuja" fulani. Na kweli jina linakuja. Linaweza kuwa la bibi wa kijijini ambaye hajawahi kumtapeli mtu, ila siku ya kusajili laini yake kijana wa mwavuli alimwambia, "Kidole hakijasoma, bibi, weka tena." Kidole cha kwanza kilisajili laini ya bibi. Cha pili kilisajili laini iliyouzwa kwa mtu mwingine. Ndiyo maana Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, inahimiza kila mmoja wetu abonyeze *106# aone namba ngapi zimesajiliwa kwa kitambulisho chake. Kama hujawahi kufanya hivyo, fanya leo.

Lakini lililonikatisha tamaa kuliko hayo yote ni tangazo nililokutana nalo siku moja nikitafuta jokofu. Lilikuwa limeandikwa bila aibu: inauzwa akaunti ya biashara, wafuasi wengi, wateja wapo tayari, bei maelewano. Nikaanza kutazama. Zipo nyingi. Mtu anafungua ukurasa wa vichekesho au wa umbea, anaulea mpaka unanenepa, anafuta picha zote, anauuza. Mnunuzi anabadili jina, anapandisha picha za friji na makochi, na kesho yake ana duka lenye umati mlangoni. Akishakusanya hela za kutosha anauuza tena au anautelekeza. Instagram wenyewe wanaonyesha kidogo: ukifungua sehemu ya kuhusu akaunti utaona tarehe ilipoanzishwa na, kwa akaunti nyingi, ni mara ngapi imebadili jina. Duka moja la vyombo vya nyumbani nililolipekua lilikuwa limebadili jina mara nyingi kiasi kwamba nilibaki nacheka peke yangu. Picha ya zamani kabisa iliyosahaulika bila kufutwa ilikuwa ya mchekeshaji amevaa gauni.

Kwa konda, kwa yule aliyesimama mlangoni Kariakoo, hata kwa mkuu mwenye jina la mnyama, sifa ya mtu ilimganda mwenyewe. Hakuweza kuivua akamwuzia mwingine. Sasa sifa ni bidhaa kama sabuni. Yaliyojengwa na mmoja kwa miaka yanatumiwa na mwingine kwa wiki mbili, na siku ya kulia hakuna wa kumfuata msibani.

Wamarekani waliwahi kuipima thamani ya sifa hiyo kwa hesabu. Pierre Omidyar alipoanzisha mnada wake wa mtandaoni mwaka 1995, huo uliokuja kuitwa eBay, watu walianza kushtakiana kwake, na Februari 1996 akafungua mahali pa kila mmoja kumsifu au kumlalamikia mwenzake hadharani. Miaka kadhaa baadaye Paul Resnick na wenzake walimtumia muuzaji mzoefu wa postikadi za kale. Aliuza postikadi zinazolingana kwa njia mbili: nyingine kwa jina lake la siku nyingi, nyingine kwa majina mapya yasiyo na historia. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006: wanunuzi walikuwa tayari kulipa asilimia 8.1 zaidi kwa jina la zamani. Postikadi ni ileile. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini wapo wanaonunua akaunti. Hata eBay hawakubaki salama. Mwaka 2008 iliwabidi wawazuie wauzaji kuwapa wanunuzi alama mbaya, kwa sababu watu waliacha kusema ukweli wakiogopa kulipiziwa.

Kinachonishangaza ni kwamba Mtanzania huyuhuyu anayemwogopa muuza viatu wa Kinondoni hutuma mamilioni Japani kwa mtu ambaye hajawahi kumsikia hata sauti. Anachagua gari kwenye mtandao, anatumiwa ankara, anakwenda benki, anatuma hela kwa TT, yaani kutoka benki hadi benki, kisha anasubiri meli. Wengi wameletewa Vitz na IST zao kwa njia hiyo, wala hawakuwa na mjomba Yokohama. Wapo walioibiwa, maana kampuni za bandia za Kijapani ziko nyingi mtandaoni. Hata hivyo watu hawaachi.

Mwombe anayeuza gari akutumie karatasi ya mnada uone sababu. Kuna mchoro wa gari lililokunjuliwa kama ngozi ya mbuzi, na juu yake herufi ndogo zimeandikwa kwa mkono: A ni mkwaruzo, U ni bonde, W ni mahali palipowahi kurekebishwa, na tarakimu kando yake inasema ukubwa wa dosari. A1 mlangoni si kitu. U3 kwenye bamba la nyuma inataka maelezo. Gari lililopata ajali kubwa likatengenezwa hupewa daraja la R, na hapo hakuna rangi mpya itakayolificha. Aliyeandika karatasi hiyo ni mkaguzi wa nyumba ya mnada, na nyumba hiyo huwauzia wafanyabiashara walewale wiki baada ya wiki. Ikidanganya, wanahamia mnada mwingine. Meli ikishaondoka inakuja hati ya shehena, na bila hati hiyo wakala wako hawezi kuligomboa gari bandarini. Kila hatua ina mtu wa tatu ambaye angepoteza kitu kama angesema uongo. Gari likishafika kwetu, likapitia yadi mbili tatu, kilomita zikarudishwa nyuma na karatasi ya mnada "ikapotea", hapo ndipo tunarudi kwenye hali yetu.

Wachina walilitatua kwa kumweka mtu wa kati ndani ya mtambo. Taobao walipoona watu wanaogopana, mwaka 2004 Alipay ikaanza kuishika hela ya mnunuzi mpaka akiri kwamba mzigo umefika. Sisi mtu wetu wa kati ni bodaboda, na anafanya kazi vizuri ndani ya jiji: analeta kiatu, unakivaa, unalipa, anaondoka. Jumia nao waliuza kwa malipo ya mlangoni mpaka walipofunga shughuli zao Tanzania mwishoni mwa 2019. Lakini wa Njombe na Sumbawanga hawana bodaboda wa kutoka Kariakoo. Wao bado wanaambiwa "hela kwanza". Magrupu mengine ya WhatsApp yalijaribu kumfanya admini ashike hela, na yapo yanayoendelea vizuri, ila yapo pia ambako admini aliamka siku moja akazima simu. Kwa nini kampuni za simu, zenye mawakala kila kichochoro, hazijaifanya huduma ya kushikiliwa hela kuwa jambo la kawaida kama kununua umeme ni swali ambalo ningependa kulisikia likiulizwa bungeni.

Pamoja na yote hayo, siwezi kutamani kurudi. Fremu ya Kariakoo inataka kodi ya miezi mingi kwa mkupuo, na kabla ya kodi inataka kilemba cha kumwondoa aliyepo. Binti wa dada yangu asingekipata kilemba hicho mpaka uzeeni. Wala hakuna ambaye angesimama mlangoni kwa tajiri akasema "huyu mdogo wangu, mpe". Simu ilimpa duka siku aliyoamua kuwa na duka. Tatizo ni kwamba mlango uliomfungulia yeye ndio uliomfungulia na mwenye ukurasa wa mchekeshaji, na mteja wa Sumbawanga akiwatazama wote wawili anaona kitu kilekile: picha nzuri, wafuasi wengi, hela kwanza.

Anachofanya binti huyu kujitenga na wale ni kazi ya kuchosha. Ameandika jina lake lote kwenye ukurasa, si jina la duka tu. Anajirekodi video akifungasha mzigo, jina la mteja na tarehe vikionekana kwenye kifurushi, na anaendelea kurekodi mpaka kaunta ya basi. Mteja wa mkoani akimnunulia mara ya kwanza anamwambia achukue kitu kimoja, cha bei ndogo, ajaribu. Wakati mwingine anapoteza oda kubwa kwa msimamo huo. Mwaka juzi mteja wa Kigoma aliyeanza kwa blauzi moja alimleta dada yake, dada akaleta walimu wenzake wa shule nzima, na sasa wanachukua mali kabla ya kulipa, wanalipa mwisho wa mwezi. Hajawahi kuonana na hata mmoja wao.

Basi nina ombi kwa wanaonunua. Ukihudumiwa vizuri na mtu usiyemjua, usinyamaze. Andika hadharani, kwa jina lako, ulinunua nini na kilifika lini, na ukubali kuulizwa na mgeni atakayekuja baada yako; nawe ukitaka kununua, mtafute mteja wa namna hiyo umpigie simu kabla hujatuma hata shilingi. Ukipigwa, usione haya: ujumbe wa tapeli na namba yake vitume TCRA kwenye 15040. Na ukiona akaunti inauzwa pamoja na wafuasi wake, nawe ni mmoja wa wafuasi hao, jitoe.